Gari kwa Dirisha ya Kukhu

Jumatatu, 11 Agosti

Nimetoka soko ya Burma saa saba. Kazi ni ile ile. Nabeba nyama kutoka kwa gari ya machinjio mpaka bucha, mguu mmoja wa ng'ombe kwa bega, narudi, mwingine. Mgongo inauma upande wa kushoto. Huko wananiita Bubu. Leo mwenye bucha aliniuliza, "Bubu, leo umesema maneno ngapi?" Wote wakacheka. Nikacheka pia.

Nimefika nyumbani, stima bado. Transfoma ililipuka Jumamosi. Ilipiga bam, ikatoa moshi. Watoto walishangilia. Mimi nilikimbia kwa nyumba kwa sababu ya mashine.

Kukhu, nyanya yangu, hawezi kulala bila mashine. Mapafu yake yaliisha na moshi. Alikaanga samaki Gikomba mpaka nywele zikawa nyeupe, na hizo samaki ndizo zilinilea tangu mama akufe. Sasa mashine inavuta hewa ya nyumba, inatoa oksijeni, inampea kwa mpira wa pua. Mchana akitulia anaweza kukaa bila. Usiku hapana.

Mtungi ya oksijeni tulipewa na kanisa ndiyo imemshikilia tangu Jumamosi. Leo mshale iko kwa nyekundu. Nimefunga, nibakishe kidogo.

Watu wa stima walikuja wawili. Wakaangalia juu. Wakapiga picha. Wakaenda.

Sijui usiku itakuwa aje. Naogopa.

Jumanne, 12 Agosti

Usiku ilikuwa mbaya. Kukhu alilala akikaa, mgongo yake kwa kifua yangu. Sitaki kuandika hiyo.

Nilimuuliza kama twende hospitali. Akasema wodi ndiyo ilikula dada yake, na yeye haendi huko akiwa na miguu.

Jioni Mama Zuhura wa nyumba ya kona akaja kwa mlango. Yeye ni wa Majengo, aliolewa huku Maringo, bwana akaenda zake, yeye akabaki. Anaendesha teksi, ile ya stima, haijui petroli. Si yake, ni ya kampuni. Alisimama na buibui na funguo mkononi akauliza kama naskia vile nyanya yangu anapumua. Nikasema naskia.

"Na mbona hukuja kwangu? Ulitaka nioteshwe?"

Niliangalia viatu zake. Nilikuwa nimefikiria hiyo gari tangu Jumapili. Siku moja nilimwona akipiga pasi nje, waya imetoka kwa gari. Nikaenda mpaka karibu na mlango yake, nikaskia redio, nikarudi.

Amerudisha gari nyuma mpaka chini ya dirisha yetu. Akatoa kitu kwa buti, kama plagi kubwa, akaichomeka pale gari huwa inachajiwa. Sasa stima haiingii, inatoka. Tukapitisha eksitensheni kwa dirisha. Mashine ikalia piii, halafu ikaanza. Puu, sss. Puu, sss.

Kukhu akafunga macho. Midomo yake ikatoka ile rangi mbaya, polepole.

Nilienda nyuma ya choo nikalia kidogo.

Watu walijaa kuangalia. Baba Titus, jirani wetu wa ukuta mmoja, alizunguka gari yote. Akasema hii si gari tena, ni ng'ombe, inakamuliwa. Kukhu akaskia kutoka ndani, akacheka mpaka akakohoa.

Jumatano, 13 Agosti

Tumelala. Sikujua nilikuwa nimechoka hivi.

Mama Zuhura ameondoka alfajiri kwenda kuchaji na kutafuta watu wa kubeba. Waya inatoka, mashine inazima. Kukhu anakaa kwa kiti kwa mlango, penye jua. Haongei, anabana pumzi. Nikirudi Burma nampata vile nilimwacha. Anauliza kitu moja tu, "Ng'ombe imerudi?"

Ilirudi jioni. Mama Zuhura amenipea sheria. Mashine, taa, simu. Basi. Mashine ikienda hakuna pasi, hakuna birika, na hasa hakuna koili ya kuchemsha maji. Koili ikiingia, gari inakataa, inajizima yote. Na ikijizima, lazima yeye afungue na kadi yake aiwashe tena. Amenirudishia mara mbili kama mtoto. Nikaitikia na kichwa.

Watu wameanza kuleta simu. Nyumba yetu imekuwa kibanda cha kuchaji. Kukhu anafurahia. Anauliza kila mtu habari ya kwao. Mimi nakaa kwa kona nalinda waya.

Dirisha haifungiki kwa sababu ya waya. Baridi ya Agosti inaingia hapo. Nimeziba na shati yangu.

Alhamisi, 14 Agosti

Ndugu ya Baba Titus amekufa. Mdogo wake, wa kiwanda ya sabuni. Alianguka kazini. Mwili inasafirishwa magharibi Jumamosi. Leo na kesho jioni ni matanga hapa, mkutano ya mchango na maombi. Wameweka hema kati ya nyumba zetu na kona.

Saa kumi na moja Baba Titus aliingia kwetu. Alikaa chini, akashika kofia. Hakuomba. Alisema tu ati hema iko na giza, jenereta ya kukodisha haipatikani, zote zimechukuliwa kwa sababu estate nzima haina stima.

Kukhu akaniambia, "Toa waya nyingine."

Nikamwangalia.

"Mtu halilii ndugu yake gizani, mimi nikiwa na taa. Toa waya."

Mama Zuhura aliporudi Kukhu alimwambia mwenyewe. Yeye akafikiria. Akasema sawa, taa na spika ndogo, lakini sheria ni ile ile. Akamwangalia Baba Titus mpaka akasema ameelewa. Kisha akaniangalia mimi. "Wewe ndio askari ya hii waya."

Leo imeenda vizuri. Wameimba. Kukhu aliimba nao kutoka kwa kitanda, midomo tu, bila sauti.

Mimi sipendi hiyo waya ya pili. Sijaambia mtu.

Ijumaa, 15 Agosti

Siwezi kuandika. Kukhu yuko.

Jumamosi, 16 Agosti

Nitaandika vile ilikuwa.

Jana gari ilirudi jioni kama kawaida. Tukaunganisha. Mama Zuhura akafunga gari, akaacha simu yake kwetu ikichaji kando ya kitanda ya Kukhu, akaenda na miguu Majengo kuona mama yake. Alisema harudi kuchelewa.

Kukhu akanifukuza kwa nyumba. Alisema nikakae na watu kwa hema. "Usipoonekana watasema kwetu hatujui msiba." Nikaenda. Nilipanga viti. Mtu akipanga viti hakuna mwenye anamuuliza kitu.

Watu walikuwa wengi kuliko Alhamisi. Baridi ilikuwa kali. Jiko ya chai ilikuwa inazimika, makaa ilikuwa na maji. Nikaona Mama Titus anatoka kwake na ndoo kwa mkono mmoja na koili kwa ule mwingine. Niliona vizuri. Anaenda kwa eksitensheni pale chini ya spika.

Nikamfuata. Nikafika karibu yake kabisa. Macho yake yalikuwa yamevimba. Tangu Alhamisi hajalala, anapikia watu, shemeji yake amekufa, na mimi nimwambie nini. Nikasema, "Mama, hiyo..."

Hakuinua kichwa. Akasema, "Asante mwanangu. Niletee vikombe."

Nikaenda kuleta vikombe.

Nilikuwa navyo mkononi wakati taa ilizima. Spika ikakata. Na hapa kwetu taa ikizima kwa matanga wimbo haisimami. Wanaimba kwa nguvu zaidi, wanapiga makofi, ndio mwenye msiba asiskie giza. Waliimba vile sijawahi skia. Walinifunika masikio. Mashine yetu ikikosa stima inalia, ile piii moja ndefu. Nilikuwa hatua chache kutoka kwa dirisha na sikuiskia mpaka nikaingia ndani.

Kukhu alikuwa ameketi. Ameshika chuma ya kitanda. Mdomo wazi kama samaki. Aliniangalia tu.

Nikafungua mtungi. Ile kidogo niliwekea. Ilitoa sss.

Nikapiga simu ya Mama Zuhura. Ikawaka hapo hapo kando ya mto ya Kukhu, ikaanza kuimba. Nilikuwa nimesahau iko kwetu.

Nikatoka nje mpaka kwa gari. Nilivuta mlango, nikavuta plagi, haitoki, imefungwa pamoja na gari. Nikaweka uso kwa kioo. Ndani kulikuwa na taa ndogo inawaka, ya buluu. Hiyo gari ilikuwa imejaa stima. Kwa wiki ingeweza kumpumulia. Na mimi niko nje naigonga na ngumi.

Mama Titus alikuwa ameskia ile piii sasa. Alikuja, akaona Kukhu, akaelewa bila kuambiwa. Akapanda kwa kitanda, akamwegemeza kwa kifua yake, akaanza kumpepea na leso. Akaniambia, "Nenda umtafute. Mimi siachi huyu."

Nikachukua boda mpaka Majengo. Hapo kwa mama yake Mama Zuhura nilienda mara moja, kubeba sufuria za harusi. Nilikumbuka mlango ya kijani na kichochoro. Nikaingia, milango ilikuwa mingi na yote kijani. Watu wamekaa nje wanakunywa kahawa. Wakaniangalia.

Nikapiga kelele. Mimi. Nilisimama katikati ya hicho kichochoro nikaita Mama Zuhura na sauti yote niko nayo. Sijawahi skia hiyo sauti. Niliita mpaka mzee mmoja akainuka akanishika bega. Akasema, "Kijana, polepole. Mmepishana. Ametoka hapa kitambo, ameenda na njia ya nyuma."

Nilirudi mbio, boda ilikuwa imeenda. Nilipita Burma, bucha zimefungwa, mbwa wanapigania mifupa. Kifua ilikuwa inawaka. Nilifikiria, hivi ndivyo Kukhu huskia kila siku.

Nilipofika kona nikaona taa ya hema inawaka.

Mama Zuhura alikuwa amerudi peke yake. Alikuta giza, akaondoa koili, akafungua gari na kadi, akawasha. Mashine ilikuwa inaenda. Kukhu alikuwa na mpira kwa pua, kichwa kwa kifua ya Mama Titus, macho yamefungwa. Mtungi ilikuwa kimya, imeisha.

Baba Titus akaniuliza nilikuwa wapi wakati kama huu.

Nikaenda kukusanya vikombe.

Leo asubuhi wameondoka na mwili. Kabla ya kuingia kwa basi Mama Titus alileta chupa ya chai ya jiko. Alimshika Kukhu miguu, akalia. Alisema hakujua, hakuna mtu alimwambia. Kukhu akamwambia anyamaze, msafiri haliliwi asubuhi.

Mimi nilikuwa hapo nikishika chupa.

Jumapili, 17 Agosti

Kukhu hajaamka sawa. Hata na mashine. Kile kidude cha kidole cha kupima oksijeni kinaonyesha namba ya chini, na haipandi. Hajaenda kanisa, hajauliza kanisa. Hilo ndilo limeniogopesha zaidi.

Mama Zuhura hakuenda kazi. Aliacha gari dirishani mchana wote. Saa tisa kampuni ikampigia. Nilikuwa karibu, niliskia. Wanaona kwa komputa yao. Wanaona gari imesimama na stima inapungua. Mkataba inasema gari ni ya kubeba watu. Airudishe kesho, apewe mwingine.

Aliongea nao vizuri, halafu kwa ukali, halafu vizuri tena. Alisema kuna mgonjwa. Walimwambia pole. Alikata simu akakaa kwa ngazi yetu na viatu ametoa.

Nilitaka kumwambia kitu. Asante au pole, sijui. Nikamletea maji.

Hakuna transfoma. Hakuna mtungi. Kesho hakuna gari. Nimehesabu vitu vyote naweza kufanya, zimeisha.

Jioni Kukhu akaniita. Nilifikiria anataka kuuliza ng'ombe. Akasema, "Kesho nipeleke huko kwao." Wodi. Alisema kama mtu anasema nipe chumvi. Nikamwambia stima inaweza kurudi usiku. Akanishika kichwa kama wakati nilikuwa mdogo.

"Wewe hujui kudanganya. Toa kitambaa yangu ya kanisa."

Jumatatu, 18 Agosti

Sikuenda Burma.

Mama Zuhura alisema atampeleka kwanza, halafu ndio airudishe gari. Safari ya mwisho. Ile plagi ya nje haifanyi kazi gari ikitembea. Kwa hivyo mashine ilibaki nyumbani. Kukhu alienda na hewa ya dirisha tu.

Alitaka kukaa mbele. Kitambaa nyeupe, sweta mbili. Gari haina sauti, inateleza tu. Tulipopita Burma wale wa bucha waliniona kwa kiti ya nyuma, mmoja akainua kisu kunisalimia. Kukhu alikuwa anapumua na mabega. Karibu na mzunguko alisema pole pole, neno, pumzi, neno, "Kumbe. Ng'ombe. Inapandwa. Pia." Mama Zuhura alicheka huku machozi yanashuka. Hakuyapanguza, alikuwa anaendesha.

Kwa mlango ya hospitali hakukuwa na kiti ya magurudumu karibu. Nikambeba. Kila siku nabeba miguu ya ng'ombe. Kukhu ni mwepesi kuliko zote. Sikujua. Hii yote nilikuwa sijui.

Karani akaniuliza jina ya mgonjwa. Nikasema Kukhu. Akauliza jina ya kitambulisho. Ikapotea kwa kichwa yangu, kabisa. Kukhu mwenyewe aliitaja kwa bega yangu, majina yote matatu, akapumzika katikati.

Wamemweka kitanda ya ukutani. Oksijeni inatoka kwa ukuta. Nesi ni mpole. Wodi imejaa lakini ni safi.

Nilipotoka Mama Zuhura alikuwa ameshaenda kurudisha gari. Nilitembea.

Jumanne, 19 Agosti

Burma. Nyama ilikuwa nyingi. Mwenye bucha aliuliza nyanya yako anaendelea aje. Nikasema yuko wodi. Hakuniita Bubu leo. Bora angeniita.

Saa saba nilienda kumwona. Namba imepanda kidogo. Daktari anasema tungoje, hawezi kuahidi. Kukhu alilala muda wote. Nilikaa nikaangalia mpira unaingia kwa ukuta. Kengele ikapigwa, tukatolewa.

Nilitaka kumwambia kuhusu Majengo, vile nilipiga kelele. Kuna mgonjwa mwingine alikuwa anasikiza. Nikaacha.

Jumatano, 20 Agosti

Stima imerudi. Walileta transfoma na lori asubuhi, na kabla ya saa kumi estate nzima ikapiga mayowe.

Nilikuwa nimekaa kwa kitanda ya Kukhu nikivua viatu. Mashine ikalia piii, ikaanza yenyewe. Tulipochomoa waya ya gari nilirudisha plagi yake kwa ukuta, sikuzima swichi. Puu, sss. Mpira wa pua ulikuwa juu ya mto, unatoa hewa.

Nilinyoosha mkono nizime. Sikuzima.

Mama Zuhura alipita, akaskia, akasimama kwa mlango. Alikuwa na mfuko ya sukuma wiki, ametembea kutoka stage ya matatu. Hajapewa gari nyingine. Tulisikiza pamoja. Nikamwambia, "Asante, Mama Zuhura." Ilitoka. Akasema tutaenda naye kesho kumwona. Akaenda kupika.

Kesho nitamwambia Kukhu stima iko. Ataniuliza ng'ombe iko wapi.

Chini ya dirisha kuna alama ya tairi kwa matope, imekauka. Nimetoa ile shati niliziba nayo, nimeivaa. Dirisha sasa inafungika yote. Nimeiacha wazi kidogo pale waya ilikuwa inapita.